Jani la Kiritiri: Je, Muguka ni Dawa?



Ndugu wasomaji, baada ya darsa la akina mama la Alkhamisi, mama mmoja alibaki nyuma wenziwe walipotoka. Alikaa karibu na mlango, akangoja mpaka watoto waliokuwa wakikunja mikeka wakaondoka, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Sheikh, mwanangu amenishinda kwa elimu."

Mwanawe ana umri wa miaka 22. Amekuwa akitafuna muguka tangu alipomaliza shule, na mama amemkanya mpaka amechoka. Siku hiyo kijana hakumpandishia sauti kama ilivyo ada yake. Alimletea simu, akamwonyesha maandishi ya kitaalamu yasemayo kwamba majani ya mti huo yamepimwa yakaonekana kuwa na antioksidanti nyingi, na kwamba antioksidanti hukinga mwili na saratani na uzee. "Mama, hii ni dawa," alimwambia. "Wanikataza dawa?" Mama wa watu hakuwa na la kujibu. Aliniuliza: "Je, ni kweli? Maana ikiwa ni kweli sitaki kuikanusha kwa sababu tu mimi ni mama."

Swali hili lilinipendeza kwa ile insafu iliyomo ndani yake. Nikamwomba muhula, nami leo naulipa. Muhula wenyewe ulirefuka kidogo kwa kuwa katikati yake nilialikwa nikaha mjini Embu, na mwenyeji wangu, aliyejua swali nililolibeba, akanichukua kwa gari mpaka Kiritiri nikauone mti wenyewe.

Kiritiri ni mji mdogo wa Mbeere Kusini, katika kaunti ya Embu. Anayeisikia Embu huwaza baridi, kahawa na majani chai ya mitelemko ya Mlima Kenya. Mbeere siyo hiyo. Ni upande wa chini, mkavu, wenye miti ya miiba na mawe mengi, na kutoka hapo ardhi huendelea kuteremka hadi Mto Tana, yalipo mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua za huko si za kutegemewa. Wenyeji wameishi kwa pojo, kunde, mtama na mbuzi, na mwaka mbaya ukija hupotea vyote isipokuwa mbuzi wachache. Muguka huvumilia ukame huo. Huchumwa tena na tena, na mkulima haulizwi avune lini kama anavyoulizwa na pojo. Mzee tuliyemkuta shambani alituonyesha kwa kidole nyumba yake ya mawe, akasema kila tofali limetoka katika kijani kile, na karo ya wanawe watatu pia. Sikuona sababu ya kubishana naye, na wala hakuniomba fatwa.

Watu wa Mbeere ni watu wa mitishamba tangu kale. Bernard Riley na David Brokensha walichapisha mwaka 1988 kitabu cha juzuu mbili kuwahusu, na juzuu ya pili nzima ni ya mimea ya huko na matumizi yake. Basi tusidhani kwamba tunazungumza na watu wasiojua jani la tiba na jani la starehe.

Nilichokiangalia zaidi ni haraka. Mikono ya wachumaji hudonoa vichipukizi vya juu peke yake, vile laini. Majani makubwa yaliyokomaa huachwa mtini. Kinachochumwa hufungwa papo hapo kisinyauke, na magari yanayokipeleka Nairobi na pwani hukimbizwa kwa kasi ambayo sote tunaijua, maana imeshatuletea majonzi barabarani. Kwa nini haraka yote hii? Mkarafuu hatuuharakishi hivyo. Karafuu twaianika juani siku kadhaa, na nguvu yake hubaki. Jawabu la haraka hiyo ndilo jawabu la nusu ya swali la mama, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie tuingie kidogo katika elimu ya kemia.

Kwanza jina. Muguka wa Mbeere na miraa ya Igembe kule Meru ni mti wa aina moja, ambao wataalamu huuita Catha edulis. Tofauti ni namna ya kuutunza na kuula: miraa hubanduliwa ganda la vijiti vyake, muguka huliwa majani. Jina hilo la Catha limetokana na neno la Kiarabu, qat. Aliyeuandika mti huu kwa wanazuoni wa Ulaya ni Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden aliyekwenda Yemen na msafara wa mfalme wa Denmark akafia huko mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, mwenziwe aliyesalimika.

Tangu wakati huo watu walitaka kujua ni nini kilichomo. Mwaka 1930 mkemia aitwaye Wolfes alithibitisha kuwamo kwa kitu kiitwacho kathini. Kwa muda wa miaka 45 wengi walidhani siri imekwisha, ingawa jambo moja lilikuwa likiwatatiza: kathini ni dhaifu, haitoshi kueleza mtafunaji anavyochangamka, anavyokesha na anavyokosa njaa. Hitilafu ilikuwa katika majani waliyoyapima. Yalisafiri kwa meli, yakafika maabara yamekwisha kukauka. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilipima majani mabichi, ikakuta kitu kingine chenye nguvu zaidi: kathinoni. Hii haikai. Jani likinyauka na kukauka, kathinoni hugeuka ikawa kathini na norefedrini, na ile nguvu aliyoilipia mnunuzi hupungua sana. Nayo kathinoni hukaa kwa wingi katika vichipukizi vichanga kuliko katika majani makuukuu. Basi gari linalopita Mtito Andei usiku wa manane kama lililofukuzwa, linashindana na kathinoni inayokufa ndani ya kifurushi.

Watafiti wa Uswisi waliopima majani mabichi kutoka sehemu mbalimbali mwaka 1987 walipata, kwa wastani, miligramu 36 za kathinoni, 120 za kathini na 8 za norefedrini katika kila gramu 100. Ni viwango vidogo machoni, lakini umbo la kathinoni linafanana mno na la amfetamini, dawa ile ya viwandani ya kukesha, na kazi yake ubongoni ni ya namna hiyo hiyo. Huingia katika maghala ya dopamini na noradrenalini, ambavyo ni vijumbe vya furaha na vya tahadhari, ikavimwaga nje vyote kwa pamoja. Ndiyo maana mtu huona maneno yanamjia, moyo unapiga, usingizi umekimbia. Hakuongezewa kitu. Amekopa katika akiba yake mwenyewe.

Na deni lina saa zake. Nusu ya kathinoni huondoka katika damu kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kathini huchukua kama saa tano. Akina mama walioolewa na watafunaji, au waliozaa watafunaji, watazitambua saa hizi bila ya kitabu: ile raha ya alasiri ambayo hukatika baada ya Isha, kisha ule usiku mrefu ambao mtu hana furaha na usingizi haumjii, na asubuhi yake ikiwa mtu hasemezeki.

Sasa tuje kwenye lile neno la kijana, antioksidanti.

Msomaji ameona chuma kikipata kutu, na ameona tunda lililokatwa likibadilika rangi likiachwa wazi. Ni kazi ya hewa tunayoivuta, ile oksijeni. Ndani ya miili yetu nako, chakula kinapochomwa kutoa nguvu, huruka cheche: chembe zisizotulia ambazo hugonga kuta za seli na kuziharibu. Mwenyezi Mungu, Subhaanahu wa Ta'ala, ameuumba mwili na wazima-moto wake, vimeng'enya maalumu na kitu kiitwacho glutathioni, wanaozizima cheche hizo kila dakika. Mimea nayo ina wazima-moto wake, na baadhi yao twawala. Hao wote ndio huitwa antioksidanti. Vitamini C ni mmoja wao. Tanini, ile inayokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyochemka sana, ni mwengine. Flavonoidi ni kundi kubwa la tatu.

Je, muguka una vitu hivi? Naam, unavyo. Kijana hakusema uongo. Jani la Catha edulis lina vitamini C, lina flavonoidi, na tanini yake, likikaushwa, hutajwa kufika baina ya asilimia 7 na 14 ya uzito wake, na hicho ni kiwango kikubwa. Mama asikanushe.

Lakini tuulize: walipima vipi? Kipimo kinachotumika sana ni hiki. Huchukuliwa maji yenye kemikali ya rangi ya zambarau, yakatiwa mchujo wa jani. Ikiwa mchujo una uwezo wa kuzima cheche, zambarau hufifia ikawa manjano, na kadiri inavyofifia ndivyo sifa inavyoandikwa. Ni kipimo cha haki na mimi sikidharau. Ila hufanyika katika chupa, na chupa haina moyo wa kupiga mbio, haina utumbo wala mimba. Kipimo hiki hakiulizi kama jani lina kathinoni. Ukikitia chai ya rangi kitafifia. Ukikitia ukwaju kitafifia. Ukikitia karafuu, ndiyo kabisa: mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walitoa orodha ya vyakula 100 vyenye fenoli nyingi kuliko vyote, hizo zikiwa ndizo jamaa ya antioksidanti nilizozitaja, na iliyokaa juu ya orodha nzima ni karafuu. Ile ile ya pilau yako, bi mkubwa, ya Pemba na Unguja. Kijana anayetafuta antioksidanti amepita jikoni kwa mamake bila ya kutazama, akaenda kuzinunua kwenye kibanda.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya nichelewe kuandika, maana nilitaka kulielewa vizuri kwanza. Kuna waliokiacha kipimo cha chupa wakatazama katika kiumbe chenye uhai. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, panya walilishwa mchujo wa jani hili na vijenzi vyake, kisha wakapimwa wale wazima-moto wa asili. Walikuwa wamepungua. Mwaka 2008 Dkt. Ochiba Mohammed Lukandu na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa seli za kinywa cha mwanadamu, yaani ile ngozi laini ya ndani ya shavu ambapo mtafunaji huweka tonge lake. Waliutia mchujo wa jani juu ya seli hizo. Katika muda mfupi cheche ziliongezeka ndani ya seli, glutathioni ikapungua, na seli zikaanza kufa kwa mpango wake zenyewe. Na walipotanguliza antioksidanti nyingine safi, madhara hayo yalipungua.

Msomaji alitafakari hilo. Jani lililosifiwa kwa kuzima moto katika chupa, liliwasha moto katika shavu, na likahitaji mzima-moto mwengine wa kuliokolea seli.

Kijana aweza kusema: seli kwenye kisahani si mtu mzima, na panya si Mswahili. Ni kweli, nami namkubalia. Lakini basi na chupa ya zambarau si mtu mzima vilevile. Akikubali ushahidi wa maabara, aukubali wote. Akiukataa, ameikataa na ile dawa yake. Hawezi kuchukua ukurasa mmoja akauchana wa pili.

Neno dawa lenyewe nalo lina masharti. Dawa ina ugonjwa wake, kipimo chake, muda wake wa kuanza na wa kuacha, na mtu anayeulizwa ikileta madhara. Mwarobaini wa bibi zetu ulikuwa na masharti hayo: kikombe kimoja kichungu, siku kadhaa, basi. Sijapata kumwona mtu akikaa maskani kuanzia Adhuhuri mpaka usiku kwa mwarobaini. Huyu anayetafuna muguka kwa ajili ya antioksidanti, mwulize ni ugonjwa gani anaoutibu na atapona lini.

Kwa akina mama naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu nimeletewa maneno ambayo sikuyategemea. Nimeambiwa kwamba wapo wajawazito na wanyonyeshaji wanaotafuna, wengine wakiwa wauzaji wenyewe wanaoonja mali yao, na wapo walioambiwa na mashoga zao kuwa jani hili huwapa nguvu za kulea. Mwaka 1987 watafiti walipima maziwa ya akina mama wanyonyeshaji waliokuwa watafunaji, wakaikuta kathini ndani ya maziwa. Waliikuta hata katika mkojo wa mtoto mchanga. Mtoto huyo hakwenda kibandani. Na huko Yemen, ambako jani hili ni la kila siku, watafiti waliona kwamba watoto wa wajawazito wanaotafuna huzaliwa na uzito mdogo kuliko wa wenzao. Tena kathinoni hukata hamu ya chakula, na tanini nyingi huzuia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo katika mboga na kunde. Mjamzito aliyekwisha ambiwa kliniki kwamba damu yake ni ndogo, akawa anatafuna, anakula kidogo na kidogo hicho hakimfikii. Amweleze mkunga ukweli, asione haya. Mkunga si kadhi.

Moyo nao usisahauliwe. Mwenye shinikizo la damu anayetafuna anapandisha kwa mkono huu kile anachokishusha kwa vidonge vya mkono wa pili. Wazee wetu waliozoea tangu ujanani wengi wamo katika hali hiyo, na watoto huona haya kuwaambia. Juu yake kuna soda na peremende za kuondoa uchungu mdomoni, ambazo kwa mwenye sukari ni balaa ya pekee. Meno sina haja ya kuyaeleza, yanajieleza.

Nikija kwenye upande wangu wa kazi, sitadai kwamba wanazuoni wote wamekuwa na kauli moja juu ya jani hili, kwa sababu hawakuwa nayo. Wanazuoni wa Yemen walikhitilafiana tangu zamani, baadhi yao wakitafuna wenyewe. Katika karne ya kumi ya Hijra maswali yalipelekwa Makka kwa Imam Ibn Hajar al-Haytami, ambaye sisi Mashafii twamjua vyema, akaandika risala maalumu ya tahadhari juu ya qat. Walimjia watu na habari zinazogongana: huyu asema yalevya na kudhuru, yule asema yachangamsha tu. Hakukurupuka kuharamisha moja kwa moja, bali aliwashauri watu wajiepushe nalo kwa kuwa limeingia katika shubha. Huyo hakuwa na maabara. Alikuwa na mashahidi wanaokinzana, akachukua njia ya usalama. Tangu enzi yake ushahidi wa madhara umeongezeka, na ndiyo maana wengi wa wanazuoni wa leo wamelikaza neno kuliko yeye, mimi mdogo wao nikiwa pamoja nao.

Naye mama akumbuke, mwanawe akimrudia na simu, kwamba Qur'ani katika Suratul Baqara aya ya 219, ilipotaja pombe na kamari, haikusema kwamba havina manufaa. Ilikiri kwamba mna manufaa kwa watu, kisha ikaeleza kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kuwapo kwa kitu chema ndani ya jani hakujatosha kulihalalisha wala kuliita dawa. Hesabu ni ya pande zote mbili za daftari. Na katika daftari hilo iandikwe pia sala ya Alasiri iliyokaribia jua kuzama, na Alfajiri iliyopita mtu amelala kwa sababu usingizi ulimjia saa kumi.

Hatuwezi kulizungumza jani hili bila ya kukumbuka mwezi wa Mei 2024. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, alipiga marufuku uingizaji, uuzaji na utumiaji wa muguka katika kaunti yake, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Embu walilalamika kwamba wananyongwa kiuchumi. Rais William Ruto alikutana na viongozi wao akatangaza kwamba marufuku hizo hazina nguvu, kwa kuwa sheria ya nchi inautambua muguka kuwa zao la kilimo, na mahakama kuu ya Embu ikatoa amri ya kuzisimamisha. Ajabu ni kwamba kathinoni ikiwa peke yake imo katika jedwali kali kabisa la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 juu ya dawa za kubadilisha akili, ilhali jani linaloibeba halimo. Wataalamu wa sheria wana sababu zao. Uingereza ililipiga marufuku jani lenyewe mwaka 2014, sisi twalipanda.

Miskitini siku zile niliwasikia watu wakiwalaani wakulima wa Mbeere kama kwamba ni maadui waliotumwa. Sikuridhika, na baada ya kuiona Kiritiri naridhika kidogo zaidi ya hapo. Mkulima yule hapigi hodi majumbani mwetu. Anayeliteremsha jani garini alfajiri ni mtoto wetu, anayeligawa mafungu ni jirani yetu, na kibanda kimejengwa kwenye kiwanja ambacho kodi yake aipokea mtu aswaliye saffu ya mbele. Baadhi ya wauzaji ni wajane wasomao gazeti hili. Mmoja aliwahi kuniuliza atawalisha nini mayatima wake akiacha, na nikamjibu kwa maneno ya dini, akaenda zake. Nilipofika nyumbani niliona haya, maana jawabu alilolihitaji lilikuwa la mtaji. Kamati za zaka za misikiti yetu zina la kufanya hapo kuliko mimbari.

Nilimweleza mama haya yote kwa ufupi, akaniomba niyaandike ili amsomee mwanawe. Kabla sijamaliza kuandika, kijana alikuja mwenyewe. Hakuja kubishana. Alisimama nje ya madrasa mpaka wanafunzi wakatoka, akaniuliza jambo moja tu: mtu akiacha, usingizi hurudi?

Nilimwambia yale ninayoyajua kutoka kwa madaktari na kwa walioacha kabla yake. Siku za mwanzo mtu huwa mzito, hulala kupita kiasi au hushtuka kwa ndoto mbaya, mikono hutetemeka kidogo, roho hunyong'onyea, na kila kitu huonekana hakina ladha. Ile akiba iliyokuwa ikikopwa inajazwa upya, na kujazwa huchukua siku. Hali hiyo hupita. Ikiwa roho itazidi kunyong'onyea, au akisikia sauti na kuona asiyoyaona wengine, aende hospitali siku hiyo hiyo wala asingoje kusomewa kwanza; kisomo nitamfuata nacho huko huko wodini. Ale, hata bila hamu. Anywe maji. Na saa za alasiri, zile alizokuwa akikaa maskani, asizibakishe tupu.

Akaniuliza aje saa ngapi. Nikamwambia tisa na nusu, kuna mabao ya kuandikia ya watoto wadogo yanahitaji kupigwa randa upya, na fundi aliyekuwa akiyafanya amehamia Malindi.